Pombe ya Kumrudisha Melania

Ukifika Kirushya, wilaya ya Ngara, ukauliza habari za Melania mpika pombe, utaambiwa ana mapepo. Wengine watasema ni presha. Wapo watakaokuvuta pembeni na kukunong'oneza, kama watu wanaojali sana, kwamba alirogwa na wifi yake kwa ajili ya migomba. Usiwasikilize. Watu hao hao ndio wanaokunywa rubisi yake, pombe ya ndizi, kila Jumapili baada ya misa, wakiondoka wanajifuta midomo kwa kiganja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa naye chini akamuuliza, "Melania, unaogopa nini?" Wangemuuliza, labda angewatukana, maana ulimi wake hauna breki. Lakini angalau wangekuwa wameuliza.

Mambo yenyewe yalianza mwezi wa sita, siku za kuanika kahawa. Melania alikuwa uani anapura maharage, kaka yake Pancras akaja akasimama karibu na turubai, mikono nyuma. Pancras akisimama hivyo, jua kwamba ana jambo ambalo ameshaliamua na sasa amekuja kujifanya anashauriana.

"Danstan ametuma salamu," alisema.

Danstan ni mume wa Melania. Ndiyo, mume, tena wa ndoa ya kanisani, ingawa walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na saba. Melania alimwacha kule Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, wiki tatu baada ya kumzika mtoto wao wa pekee, akarudi kwao Kirushya na furushi moja la nguo. Baba yake, ambaye wakati huo alikuwa hai, alimkatia kipande nyuma ya nyumba, migomba arobaini na kibanda cha udongo. Danstan hakumfuata. Alichukua mwanamke mwingine, akaishi naye. Sasa amepigwa na kiharusi, mkono wa kushoto umelegea, yule mwanamke amefunga virago, na ghafla bwana mkubwa amekumbuka kwamba ana mke kwenye daftari la parokia.

"Salamu zimefika," Melania akasema, akaendelea kupura.

"Anataka kuja kwa heshima."

Hapo Melania akaweka fimbo chini. Katika ukoo wao, mwanamke aliyerudi nyumbani kwa hasira hafuatwi kwa maneno, anafuatwa kwa pombe. Mume huja na mtungi, wazee wa upande wa mke huketi, huingiza mirija. Mirija ikishaingia, maneno yamekwisha, na mwanamke anafunga mzigo wake. Yeye mwenyewe haulizwi. Anakuwa jikoni na mawifi, anasubiri kusikia wanaume wakicheka, ndipo ajue kwamba amerudishwa.

Pancras naye alikuwa na lake. Kijana wake alikuwa anaoa Desemba na hakuwa na mahali pa kujenga, na ile migomba arobaini ilikuwa imekaa pazuri, karibu na barabara. Hilo hakulisema. Alisema habari za sakramenti, na uzee, na jinsi mtu mzima anavyopendeza akiwa kwenye mji wake.

"Na wewe kaka, unasemaje?"

"Mimi? Mimi sina la kusema. Ni mila hiyo. Hata wewe huna la kusema."

Akaondoka zake, mikono bado nyuma. Melania akainama kuokota fimbo, na ndipo moyo ulipomwenda mbio. Haukuwa ule mwendo wa mtu aliyepanda kilima. Ulikimbia wenyewe, bila sababu, mikono ikafa ganzi, dunia ikawa mbali naye ingawa alikuwa ameshika turubai kwa vidole kumi. Aliamini anakufa. Alikaa palepale juu ya maharage mpaka jasho lilipokauka, kisha akainuka, hakufa, na kazi ilikuwa bado inamngoja.

Ikaja tena siku ya tatu, kisha kanisani, kisha kisimani mbele za watu. Hapo ndipo kijiji kilipopata mchezo. Wanajumuiya walikuja na rozari wakamzunguka kitandani, mama mmoja akamwekea mkono kichwani akimwamuru Shetani atoke, na Melania akamwambia atoke yeye kwanza maana amemkanyaga. Wifi yake Adelfina, mke wa Pancras, alileta majani ya kuchemsha yaliyonuka kama mbuzi dume. Wa kumtaja mganga walimtaja. Kila mtu alikuwa na jina la kile kilichomshika, na kila jina lilimweka Melania pembeni kabisa, kama vile yeye ni chumba tu na kuna mgeni ameingia humo bila hodi. Ilimuudhi. Hakujua kwa nini ilimuudhi kiasi kile, lakini alikuwa anaamka nayo ile hasira na kulala nayo.

Mwisho akaenda zahanati, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alimkuta nesi kijana anaitwa Anneth, binti wa watu wa Runazi, macho mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipime, nipe dawa, niondoke."

Anneth akampima presha mara mbili. Akamsikiliza kifua, akamchoma kidole, akangoja kipimo. Akamuuliza inaanza lini, inadumu muda gani, na nyumbani kuna jambo gani. Melania, kwa kuwa alikuwa amechoka, akamwambia habari ya Danstan na pombe.

"Mama, moyo wako ni mzima," Anneth akasema. "Nisikudanganye. Huo ni woga."

"Nimetembea saa mbili nije kuambiwa naogopa? Hata kuku wangu wanajua naogopa."

"Kuna woga ambao ni ugonjwa, huo tunautibu, na ukizidi urudi nikuandikie barua ya hospitali. Lakini upo mwingine. Mtu yuko njia panda, na ndani ya moyo anajua hakuna wa kumchagulia. Huo sina kidonge chake. Nikikupa cha kulala, utalala, utaamka, njia panda iko palepale."

"Mimi sina njia panda. Mimi ni mtu wa kupelekwa. Sijawahi kuchagua kitu."

Anneth akavuta daftari ajaze mistari iliyobaki. "Watoto wangapi, mama?"

"Mmoja. Alifariki. Baba yake alinikataza kumpeleka hospitali."

Aliisema hivyo kama alivyoisema kwa miaka kumi na saba, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Watu wakiisikia huwa wanatikisa kichwa na kusema, "Pole, wanaume hao." Anneth naye akasema pole. Kisha, kalamu ikiwa hewani, kwa kutaka tu kuandika sawasawa, akauliza:

"Alikukatazaje?"

Melania akasimama. "Umezaa wewe?"

"Bado, mama."

"Basi nyamaza."

Akatoka bila kuaga, akasahau hata kanga yake kwenye benchi, akarudi kuichukua bila kumtazama mtu. Njia nzima alikuwa anamtukana yule binti kwa sauti, na waliopishana naye wakazidi kuamini habari ya mapepo. Alikukatazaje! Swali gani hilo? Mtu akikatazwa amekatazwa. Lakini kadiri alivyotukana ndivyo lile swali lilivyomng'ang'ania, na alipofika nyumbani alipiga teke sufuria ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mwezi wa nane, Pancras akaja tena, safari hii mikono mbele, mchangamfu. "Dada, nipikie pombe ya mtumbwi mmoja mzima. Kuna shughuli ya ukoo Jumamosi ya wiki ijayo. Ndizi naleta mimi."

Ndizi zikaja kwa pikapu, mikungu kumi na minane ya ndizi za pombe, minene na mizuri. Melania hakuuliza shughuli gani. Kazi aliipenda, na tangu mambo yale yaanze ilikuwa ndiyo mahali pekee ambapo mikono yake haikutetemeka. Alichimbua shimo lake, akalifukiza moto, akalaza ndizi, akafunika kwa majani ya mgomba na udongo, akaziacha siku nne. Zilipoiva akazimenya peke yake asubuhi nzima, nyuki wakimzonga. Akazitia kwenye mtumbwi, ule wa mti uliochongwa aliorithi kwa mama yake, akazikamua na nyasi kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma, akachuja, akapooza kwa maji. Alhamisi alasiri akatia mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika, akavika blanketi juu. Kama kuna mtu Ngara nzima anayepika rubisi kushinda Melania, huyo mtu bado hajajitokeza.

Ijumaa asubuhi akafunua majani kuangalia inavyochemka. Povu lilikuwa limepanda vizuri. Akachota kidogo kwa kata, akapeleka mdomoni, na hapo Adelfina, aliyekuwa amekuja kuazima ungo, akapiga ukelele toka mlangoni.

"Wifi! Usiionje!"

"Kwa nini nisionje pombe yangu?"

"Mwanamke anayerudishwa haonji mpaka wazee waanze, ni mkosi, kwani Pancras hakuku..."

Adelfina akajiziba mdomo. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa tu na mdomo uliotangulia akili. Akaweka ungo chini, akaokota tena, akaondoka karibu anakimbia.

Melania alibaki na kata mkononi. Kwa desturi, pombe ya kumrudisha mke hutoka upande wa mume, inapikwa na dada zake, inabebwa njiani watu wakiiona. Lakini Danstan hakuwa na dada aliye hai, wala mke, na mtungi wa pombe hauwezi kukaa kwenye basi toka Biharamulo hadi Ngara ukafika una ladha. Basi shemeji wawili wakapigiana simu, wakaona njia ya mkato: Danstan anunue ndizi, Pancras atafute mpishi. Na mpishi bora ni nani? Hawakuona aibu. Kusema kweli hawakuona hata kitu cha kuonea aibu. Walimwambia mwanamke ajipikie kamba ya kufungwa nayo, naye akaipika, tena vizuri, akaona fahari kwa povu lake.

Hasira iliyompanda Melania asubuhi ile haielezeki kwa upole, basi tusiieleze kwa upole. Aliwachukia wote. Alimchukia Pancras na sakramenti zake, alimchukia Danstan na mkono wake uliolegea, aliwachukia wazee ambao hawajawahi kukamua hata ndizi moja na midomo yao ilikuwa tayari. Alishika ukingo wa mtumbwi. Kuupindua kunahitaji watu wawili, lakini mwanamke mmoja mwenye hasira kama ile alitosha. Mtumbwi ukainuka upande mmoja, pombe ikateleza hadi ukingoni.

Moyo ukaanza.

Ukaja wote kwa mkupuo, kuliko siku zote. Aliuachia mtumbwi ukakaa chini, naye akakaa chini, mgongo ukiuegemea, mikono imekufa ganzi. Hakukuwa na mtu wa kumwekea mkono kichwani. Na katika kukaa pale, akisubiri ama afe ama apone, lile swali la nesi likarudi, na safari hii hakuwa na nguvu ya kulitukana.

Alikukatazaje?

Rozina, mtoto wao, alianza homa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Danstan alimgusa paji la uso akasema, "Ngoja Jumatatu, nitampeleka mwenyewe," akapanda gari la mizigo kwenda mnadani. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa miaka kumi na saba Melania alikuwa anaishia hapo. Sasa akaendelea mbele. Danstan hakufunga mlango. Hakumtishia. Hakuondoka hata na baiskeli. Ilikuwa imeegemea ukuta, matairi yana upepo, na Melania alijua kuendesha baiskeli tangu darasa la nne. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja. Alitoka nje akaitazama. Akarudi ndani. Mchana mtoto alipoanza kuweweseka akatoka tena, akaitazama tena, hata akaishika usukani. Kisha akasema moyoni, mwenye nyumba amesema Jumatatu, akarudi kumfuta mtoto jasho. Jumapili saa sita, Rozina akafariki. Alikuwa na miaka sita.

Kabla hujamhukumu, kumbuka amelelewa na nani. Tangu anatambaa alifundishwa kwamba mwanamke mwema ni yule anayengoja kuambiwa, na alikuwa amefundishwa vizuri mno. Wote waliomfundisha wana mkono wao katika kifo kile, na wengine bado wanapokea komunyo wakiwa safi kama sahani. Hilo ni kweli na lisemwe. Lakini Melania, pale chini, aliona kwamba si hilo lililomkimbiza moyo. Yeye kupelekwa kwa Danstan hakukumwogopesha, kupelekwa alikuzoea. Kilichomwogopesha ni kwamba angeweza kukataa. Kama kesho angeweza kusimama mbele ya wazee, mila ikiwa imekaa pale na mirija mkononi, akasema hapana, basi hata Jumamosi ile angeweza. Hakuna namna ya kuwa na hiari leo tu. Ukiichukua, unaichukua na ya juzi, na ile baiskeli.

Miezi miwili yote alikuwa anakufa kwa ajili ya hilo. Upande mmoja, Nyarubungo, sufuria za Danstan, na lile neno "alinikataza" ambalo lingemfunika mpaka kaburini. Upande wa pili, migomba yake, na mtoto wake amemlalia kifuani bila mtu mwingine wa kumpokea.

Alilia kwa hasira, akagonga ule mtumbwi kwa kisigino mara nyingi, mpaka kikauma. Alimtukana Danstan. Kisha akajitukana na yeye, kwa jina lake lote, jina la ubatizo na la ukoo. Moyo uliendelea kukimbia, na baada ya muda ukapunguza wenyewe, kama kawaida.

Pombe hakuimwaga. Kumwaga kungekuwa rahisi mno. Kungeitwa kichaa, kila mtu angetikisa kichwa, na wiki inayofuata wangeagiza mtumbwi mwingine kwingine. Akainuka, akarudisha majani na blanketi, akaacha rubisi ichemke mpaka iive. Hakuwahi kutoa pombe mbovu nyumbani kwake, na hakutaka kuanza kwa ajili yao.

Jumamosi saa nane mchana walikuwa wameketi uani kwa Pancras. Wazee watatu, mkubwa wao Mzee Bigirimana, ndugu ya marehemu baba yake. Danstan alikuwa kwenye kiti cha plastiki, shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijatoka, mkono wa kushoto umewekwa mapajani. Alikuwa amekonda. Mtungi ulikuwa katikati, mirija imefungwa fungu moja juu yake. Melania alipaswa kuwa jikoni na Adelfina. Alitoka jikoni, akavuka uwanja, akasimama mbele ya mtungi.

"Wazee, shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Bigirimana. "Lakini nafasi yako leo ni ndani."

"Najua, baba. Pombe hii nimeipika mimi. Mmeniagiza nijipikie, na nimejipikia. Sasa nasema kabla hamjaweka mirija: sirudi Nyarubungo."

Pancras akacheka, kile kicheko cha kufunika mambo. "Mnisamehe, wazee. Dada yangu hayuko vizuri siku hizi. Ile hali yake."

"Kaka, nyamaza!" Melania hakuwahi kumwambia kaka yake nyamaza maishani mwake, na uwanja mzima ulilijua hilo. "Sina hali. Moyo unakimbia hata sasa hivi, njoo uushike kama unataka. Naogopa. Hilo ndilo jina lake. Naogopa kwa sababu nikikataa hakuna nitakayemsingizia. Si wewe, si mila, si padre. Nimekataa mimi."

Mzee Bigirimana alikuwa na mikono juu ya fimbo yake, anamtazama kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka kama jambo hili liliwahi kutokea. "Pombe ikishaletwa, mwanangu, haijawahi kurudi."

"Basi itarudi leo. Au mwagieni migomba. Nyie ndio mnaojua ya kufanya na pombe."

"Na ukifa?" Pancras alikuwa ameinuka. Sasa alikuwa na hasira ya kweli, na ilimpendeza kuliko kile kicheko. "Ukifa utazikwa wapi? Kwangu hapa hapana. Mwanamke wa ndoa hazikwi kwa kaka yake kama mtoto. Nani atakuchimbia? Nani atakulilia? Sema!"

Hiyo ilimpiga. Mtu wa Kirushya anaweza kulala njaa, anaweza kusengenywa, lakini kutojua udongo wake uko wapi ni jambo jingine.

"Sijui," Melania alisema.

"Hajui!" Pancras akawageukia wazee, mikono imefunguliwa.

Hapo ndipo Danstan aliposema, kwa mara ya kwanza. Mdomo wake ulikuwa umepinda kidogo na maneno yalitoka polepole.

"Mama Rozina."

Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka kumi na saba.

"Sikuja kwa ajili ya kupikiwa," Danstan alisema. "Watu wanasema hivyo, na njaa ipo, sikatai. Lakini nimelala kitandani miezi minne natazama bati. Mimi ndiye niliyesema tungoje Jumatatu. Wewe huna kosa. Ungefanya nini? Ulikuwa mke, nilisema, ukatii. Lawama ni yangu yote. Nimekuja kukuondolea mbele ya wazee. Rudi nyumbani, mama, upumzike."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Adelfina jikoni akaanza kulia. Ilikuwa radhi nzuri, na lazima isemwe kwamba ilitoka moyoni. Yule mtu aliyesafiri toka Biharamulo na mkono mmoja hakuwa anaigiza. Melania alikuwa ameyangoja maneno yale muda wote huo. Aliyaota. Alikuwa amepanga atakavyomtemea mate akiyasema. Na sasa yalikuwa yamekuja, laini, na alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa tu. Mzee Bigirimana alikuwa ameanza kufungua fungu la mirija.

"Yote?" Melania akauliza.

"Yote, mama."

"Ungefanya nini, unasema."

"Usingeweza kitu."

Alimkaribia mpaka kivuli chake kikamfunika Danstan pale kwenye kiti.

"Baiskeli uliiacha ukutani, Danstan."

Danstan akatazama chini.

"Ulisema tungoje, na hilo ni lako, utakwenda nalo wewe, sikusaidii kulibeba. Umeshika kosa lako umechelewa miaka kumi na saba, lakini umelishika, sawa. Langu usiliguse. Ukilichukua na langu, basi siku ile nyumbani hakukuwa na mtu. Mtoto alikufa kwenye nyumba tupu. Unanielewa? Mama yake alikuwemo! Alikuwa na miguu miwili na akili yake timamu, akatoka mara mbili, akarudi ndani mara mbili. Usinifute, Danstan. Nilikuwepo."

Mzee Bigirimana akaikusanya mirija, akaifunga tena fungu moja.